JAJI ANAKWANGUA DAFU MIMI NIKO KWA WIMBI, HALAFU ANANIPEA 2.0!!!

Ubao_wa_Eastlands (mwenye uzi)

Wasee naandika hii nikiwa ndani ya treni ya SGR, tumepita Mtito Andei sahi, na hasira imenikaa hapa kwa koo haishuki haipandi. Mnamjua. Kila mtu ashawahi kubeba ubao wa kuteleza mawimbini kutoka hapa Nairobi akapeleka Pwani kwa mashindano anamjua, yule wa kofia ya ukili na filimbi, yule anajiita jaji mkuu mpaka kwa harusi za watu. Jina siweki, sina haja, mkifunga macho mnaona hiyo kofia.

Hiti, yaani kundi moja la kushindana, ya watu wanne, dakika 20, mimi jezi ya bluu. Kusi inavuma, mawimbi yanaingia kwa seti, makundi makundi, ile siku mtu wa Nairobi anaiombea mwaka mzima. Dakika za mwisho seti inakuja, jezi nyekundu na nyeupe wakakimbilia wimbi la kwanza kwa pupa, mimi nikaliacha lipite nikangoja la nyuma yake, likainuka, nikapiga mikono mpaka mabega yakawaka, nikasimama, nikashuka hadi chini kabisa, nikapinda, nikapanda nikalipiga pale juu mdomoni linapotaka kuvunjika, maji yakaruka, nikashuka tena, nikapanda nikalipiga tena, nikamalizia kwa maji ya magoti bado nimesimama wima. Ufukwe mzima ukalipuka. Mama wa viazi karai aliacha viazi viungue akapiga vigelegele. Nadhani hata Lamu walisikia.

Nageuka kuangalia meza ya majaji.

Jamaa uso wote uko ndani ya dafu.

Na sisemi alikuwa anakunywa! Kunywa ningeelewa, mtu anakunywa macho yako baharini. Huyu alikuwa ashamaliza maji, amelipasua, ameshika kile kijiko muuzaji anakuchongea kutoka kwa ganda, anakwangua nyama pole pole, pande hii, pande ile, ameinama mpaka kofia imefunika dafu. Alipoinua kichwa mimi nishafika mchangani nimebeba ubao kwapani. Akamgeukia jaji wa kando, nilisoma mdomo wake na macho yangu, "Bluu amefanya nini?" Halafu akaandika. 2.0. Mbili nukta sifuri kwa kumi!! Nilienda kuangalia ile karatasi baadaye, iko na tone la maji ya dafu limekaukia juu ya ile mbili.

Sasa sikizeni hesabu. Majaji walikuwa watatu. Mmoja kanipa 6.5, mwingine 6.0, mla dafu 2.0. Jumlisha gawa kwa tatu unapata 4.83. Zinahesabiwa alama za mawimbi yako mawili bora, langu lingine lilikuwa 5.0, jumla 9.83. Aliyenipita ako na 10.40. Huyo jamaa angetazama bahari tu, akanipa hata 6.2, wimbi linakuwa 6.23, jumla 11.23, niko raundi inayofuata. Kwa mashindano makubwa majaji ni watano, alama ya juu kabisa inatupwa na ya chini kabisa inatupwa, zinabaki tatu za katikati ndio zinatafutiwa wastani, na hiyo sheria iliwekwa kwa sababu ya watu kama huyu! Hapo 2.0 ingeenda pipani pamoja na ganda lake. Sisi wa mashindano madogo majaji watatu, hakuna cha kutupa, mmoja akiinamia dafu tumeisha.

Na vigezo vinajulikana dunia nzima: ugumu wa ulichojaribu, ubunifu, unavyounganisha miondoko, aina tofauti tofauti, kasi na nguvu na mtiririko. Nionyesheni ni kigezo gani mtu anakipima akiwa ameangalia ndani ya dafu.

Nikamwendea kwa heshima, nikamwambia mzee shikamoo, naomba kujua hii mbili imetoka wapi. Mnajua alinijibu nini? Mbele ya watu? Akiwa bado anatafuna? "Nyinyi wa bara rudini mkapande zile boti za Uhuru Park." Wakacheka. Nimelipa ada ya kuingia, nimelipa nauli, nimelala kwa sakafu ya mtu, naambiwa boti za Uhuru Park na mtu mwenye nyama ya nazi kwa ndevu. ALIKUWA ANAKWANGUA DAFU WASEE. ANAKWANGUA.

Kiatu_Kimoja

Nimesoma yote nikilia. Lakini nauliza swali la kiungwana, mtu wa Eastlands anafanyia mazoezi wapi, Nairobi River?

Nyanya_Masalo

Anangojanga mvua ya Aprili ifurishe mtaa wa South C.

Ubao_wa_Eastlands

Endeleeni kucheka. Paris iko na bahari? Olimpiki ya 2024 ilikuwa ya Paris na mchezo wa mawimbi ukapelekwa Teahupo'o, Tahiti, katikati ya Pasifiki huko. Hakuna mtu aliwaambia Wafaransa wakapande boti za Seine. Suala ni dafu. Msihamishe suala.

Kusi_na_Kaskazi

Mimi ni wa huku Malindi na ndugu yangu nakuunga mkono, huyo mzee twamjua, mwaka jana alihukumu hiti nzima akiongea na simu kuhusu mbuzi. Mbuzi amepotea, mbuzi ameonekana, mbuzi si wake, na sisi tuko majini. Ila na wewe sema ukweli, yule wa jezi ya njano alikuwa ndani zaidi yako kwa lile wimbi, karibu na pale linapoanza kuvunjika. Sheria yasema aliye ndani ndiye mwenye wimbi. Ukimkatia ni kosa la kuingilia, na adhabu yaja kwa alama ya lile wimbi lako la pili kwa ubora. Shukuru hukuadhibiwa.

Ubao_wa_Eastlands

Njano alikuwa ameanguka zamani! Alikuwa anatafuta ubao wake! Mtu ameanguka hana wimbi, kipaumbele gani ako nacho akiwa chini ya maji? Na hata kama lingekuwa kosa, nani angeliona? Mwenye kuona alikuwa anakwangua. Na usisahau majaji hawaruhusiwi kuulizana alama, kila mmoja anaandika yake peke yake bila kuchungulia jirani, huyu akauliza "Bluu amefanya nini" wazi wazi kama anauliza bei ya nyanya.

Refa_Mstaafu_Dandora

Kijana tulia. Hata kwa wakubwa watu wanalia. Tokyo, Olimpiki iliyochezwa 2021, Gabriel Medina wa Brazil alitolewa nusu fainali na Kanoa Igarashi wa Japani, na Wabrazili walipiga kelele mpaka leo hawajanyamaza. 2023 huyo huyo Medina akaandika waraka wazi kulalamikia ujaji wa ligi ya dunia. Bingwa wa dunia mara tatu huyo. Wewe ni nani usionewe?

Ubao_wa_Eastlands

Medina alionewa na watu waliokuwa wanaangalia. Hiyo ndio tofauti. Na akarudi Teahupo'o 2024 akapewa 9.90 kwa wimbi moja, akitoka na ile picha amesimama hewani ubao uko kando yake. Angekuwa na jaji wetu angepata 3 na picha ingetoka ya dafu.

Alto_wa_Pili

Ndugu mimi nakuelewa kuliko wote hapa. Tamasha la kwaya za dayosisi, tumekariri wimbo miezi mitatu, sare tumeshona, mwalimu amefunga na kuomba. Tukafika beti ya pili jaji analala. ANALALA, kichwa kinaenda mbele kinarudi. Soprano wetu akapandisha sauti makusudi kumwamsha, akaamka, akaandika "sauti ya kwanza inapiga kelele". Tukawa nambari sita kati ya kwaya saba. Ya saba haikufika, gari iliharibika Limuru.

Kiatu_Kimoja

Yaani mlishinda gari iliyoharibika tu 😭😭

Alto_wa_Pili

Usiniguse. Bado ina uchungu.

Winga_Teleza

Kwaya ni nini nyinyi. Ligi ya mtaa, Umoja, refa ni shemeji ya mwenyekiti wa timu pinzani. Dakika ya tisini tunaongoza moja bila. Ameongeza dakika MPAKA WALIPOSAWAZISHA. Jua limezama, hatuonani, mpira tunausikia tu, refa anasema "bado kidogo". Walipofunga akapuliza kabla mpira ugonge wavu. Mimi mpaka leo nikimwona stejini nashuka napanda matatu ingine.

Refa_Mstaafu_Dandora

Kama ni yule mnene wa raba nyeupe, mimi ndio nilimfundisha na najuta.

Winga_Teleza

NI YEYE MZEE. Ni yeye!!

Ubao_wa_Eastlands

Wasee turudini kwa mada. Nataka tuandike barua tuseme hivi, majaji wawe watano, na chakula kisikaribie meza wakati hiti inaendelea. Nani ataweka sahihi?

Nyanya_Masalo

Dafu huko ni pesa ngapi sahi? Hapa tao juzi nimeulizwa bei nikadhani naambiwa ya mnazi mzima.

Kusi_na_Kaskazi

Huko mwauziwa maji ya moto yaliyokaa kwa mkokoteni siku nne. Dafu lanyweka chini ya mnazi wake. Na kukwangua nyama ni lazima, ukitupa ganda na nyama ndani muuzaji akuona mshamba. Kwa hilo simlaumu yule mzee.

Ubao_wa_Eastlands

SIJASEMA ASIKWANGUE. Akwangue hiti ikiisha! Kuna dakika nzuri tu katikati ya hiti na hiti, watu wanabadilishana jezi, kwangua hapo mpaka utoboe!

Mama_Tumaini254

Mimi swali langu, huo ubao ulipandisha aje kwa SGR? Mtoto wangu alinunuliwa ubao na mjomba wake akiwa Diani, tukafika stesheni ya Miritini tukazungushwa kwa ukaguzi hadi karibu treni ituache.

Ubao_wa_Eastlands

Sikupanda nao mama, wangu nimeacha kwa rafiki. Wakati wa kwenda nilitumia basi na konda akanilipisha kiti kizima cha ubao. Nikamwambia haya, kama umelipa ni abiria, basi ukae dirishani. Akauweka kwa njia ya kupitia na kile kiti akauzia mtu Voi.

Winga_Teleza

Kiti kimeuzwa mara mbili!! Hiyo kampuni ni ile ya rangi ya kijani?

Mama_Tumaini254

Naijua. Hao hao walinipigia ile sinema ya mapigano kwa sauti ya juu saa nane usiku na mtoto amelala, nikaomba wapunguze nikaambiwa dereva ndio anaangalia. DEREVA.

Alto_wa_Pili

Mimi walinishusha Mariakani nikiwa nimeenda msalani, wakaondoka. Mfuko wa sare za kwaya ukafika Nairobi kabla yangu.

Kiatu_Kimoja

Alto wewe dada uko na nyota gani lakini

Refa_Mstaafu_Dandora

Fungueni uzi mwingine wa mabasi, hii itajaa. Mimi niko na yangu ya mwaka wa 1998 ya mizigo, ni ndefu.

Winga_Teleza

Mzee anza hapa hapa, tunakaa.

Ubao_wa_Eastlands

Na barua?

Mama_Tumaini254

Mzee weka ya mizigo tafadhali, napika chapati nasoma.