Naomba ushauri: apostili ilibanduliwa kwenye cheti cha kuzaliwa

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu.

Kuna cheti cha kuzaliwa kinachohitajika nje ya nchi kwa ajili ya kusajili ndoa. Nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 unaohusu apostili (uthibitisho rasmi wa hati ili itambulike nchi nyingine) na hakuna iliyomwekea mwenzake pingamizi, kwa hiyo hakuna haja ya kupita ubalozini. Apostili ilitolewa kwenye karatasi yake, ikaunganishwa na cheti kwa pini 2 za stepla, muhuri ukagongwa nusu huku nusu kule. Mtafsiri aling'oa pini ili apige skani, kisha akabana upya. Matundu yaliyokuwa 4 sasa ni 8, na nusu za muhuri zimepishana kama milimita 3. Mpokeaji amekataa.

Nimehakiki namba na tarehe kwenye rejista ya mtandaoni ya mamlaka iliyotoa, zinasoma sawa. Bado anataka karatasi isiyoguswa, na kusema kweli namwelewa: apostili inathibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri, si maelezo ya ndani. Ikishabanduka, inaweza kuhamishiwa cheti kingine.

Je, mamlaka zinakubali kuweka apostili mpya kwenye cheti kilekile chenye matundu, au ni lazima nianze na nakala mpya kutoka kwa msajili? Na tafsiri ikifanywa na mtafsiri aliyeapishwa huko huko cheti kinakopelekwa, bado itadaiwa apostili yake?

Natanguliza shukrani.