Mbuzi anazunguka upande mmoja: nitajuaje tatizo liko wapi kwenye ubongo?

Ugani_Kaskazini:
Wakuu, habari zenu. Mbuzi jike, miezi 14, kilo 25 hivi, anazunguka kulia tu, leo siku ya 12. Joto 39.2. Majani anakula akisogezewa mdomoni, ila akitembea anagonga nguzo za boma kwa upande wa kushoto. Kachomwa OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki) ya 20% mara mbili, ya mwisho jana, hajabadilika. Boma lina mbwa wanne. Kwenye ripoti za kata mwezi huu kuna mbuzi wengine sita walioandikwa "kizunguzungu", na nina shaka kama wote wana ugonjwa mmoja. Maabara iko mbali. Nipeni vipimo vya mikono.

DaktariWaMbuzi:
Kwanza vaa glovu, na mkono usiingie mdomoni. Mnyama yeyote anayedondosha mate au aliyebadilika tabia ghafla achukuliwe kuwa huenda ana kichaa cha mbwa hadi sababu nyingine ionekane. Wako ana siku 12 na bado anakula, kwa hiyo uwezekano ni mdogo, lakini glovu si gharama.

Kizunguzungu ni dalili, hakuna ugonjwa wa jina hilo. Swali la kwanza ni *wapi*, la pili ndiyo *nini*. Fanya hivi:

Mtazame kwa mbele. Kichwa kimegeuka (pua inatazama ubavuni, masikio yako usawa mmoja) au kimepinda (sikio moja liko chini ya jingine)? Watu huchanganya haya mawili kila siku. Kugeuka kunaelekeza kwenye ubongo mkubwa. Kupinda kunaelekeza kwenye mfumo wa usawa, yaani sikio la ndani au shina la ubongo, na hapo mara nyingi macho huchezacheza yenyewe.

Kisha mtishie jicho. Ziba jicho la kulia kwa kiganja, peleka kidole haraka kuelekea la kushoto, simama kama sentimita 10 kabla ya kulifikia. Usipeleke kiganja kizima: upepo ukigusa kope atapepesa hata kama ni kipofu, nawe utaandika kwamba anaona. Badilisha upande. Baada ya hapo mulika kila jicho kwa tochi kivulini. Mboni ikisinyaa wakati jicho halioni kidole, basi jicho lenyewe ni zima na kasoro iko kwenye ubongo mkubwa, upande wa *pili*, kwa sababu njia nyingi za kuona huvuka kwenda upande mwingine.

Mwisho kunja mguu mmoja mmoja ili akanyage kwa mgongo wa kwato. Mzima huurudisha papo hapo. Akiuacha umekunjika, andika ni mguu upi.

Uso nao: sikio lililolegea, kope iliyoanguka, majani yaliyobaki shavuni upande mmoja. Hizo ni neva za kichwa, zinatoka kwenye shina la ubongo.

Mchungaji77:
Mkuu, mchome B complex na uongeze OTC, wengi hupona.

Neva_na_Kwato:
Wanaopona hivyo ni wale wenye upungufu wa thiamini (vitamini B1) au maji moyo (ugonjwa wa kupe) yaliyowahiwa. Dalili zao hazifanani na hizi. Mwenye upungufu wa thiamini hupofuka macho *yote mawili*, huinua kichwa kama anayetazama nyota, na mara nyingi kuna historia ya kulishwa nafaka au molasi nyingi kwa ghafla. Dozi ni miligramu 10 za thiamini kwa kilo, ya kwanza mshipani taratibu, kisha kwenye msuli kila saa 6 hadi 8, na nafuu hutazamiwa ndani ya siku moja. Kwa kilo 25 ni miligramu 250. Sasa soma chupa: B complex yenye miligramu 10 za thiamini kwa mililita ingehitaji mililita 25 kwa dozi moja. Wengi huchoma mililita 5 halafu wanasema "siyo thiamini".

Maji moyo huja na homa kali, 41 na zaidi, mnyama ananyanyua miguu juu kama anavuka maji, anatafuna bila kitu mdomoni. Ni ya siku chache tu, na haichagui upande.

Listeria (bakteria wanaoshambulia shina la ubongo) inachagua upande, ila kwa mbuzi huenda mbio: uso unalegea, mate yanadondoka, ndani ya siku chache amelala. Huyo anahitaji penisilini nyingi, yuniti 44,000 kwa kilo mara mbili kwa siku kwa wiki moja au mbili. Dozi ya kawaida ya dukani haifiki kwenye ubongo kwa kiwango cha kutosha.

Ugani_Kaskazini:
Nimempima. Kichwa kimegeuka kulia, masikio yako sawa. Jicho la kushoto haliitikii kidole, mboni zote zinasinyaa. Miguu ya kushoto anaiacha imekunjika. Uso uko sawa.

DaktariWaMbuzi:
Ubongo mkubwa, upande wa kulia. Mbuzi huzunguka kuelekea upande wenye kasoro na hupofuka jicho la upande wa pili, na wako kafuata kanuni hiyo. Ukiunganisha na umri, kukosa homa, mwendo wa polepole na mbwa wanne, kinachoongoza ni senurosisi: lava wa tegu wa mbwa, *Taenia multiceps*, aliyejenga mfuko wa maji ubongoni. Wamaasai wanaiita ormilo, ingawa jina hilo hilo hutumika pia kwa ng'ombe mwenye theileria (vimelea vya kupe) ya ubongo, kwa hiyo kwenye ripoti usiishie hapo.

Bonyeza fuvu kwa dole gumba kuzunguka mashina ya pembe, linganisha pande mbili. Likibonyea kulia, umepata jibu. Lisipobonyea hujapoteza kitu, kwa sababu fuvu hulainika mfuko ukiwa mkubwa na karibu na juu.

Dawa ya minyoo haitegemewi katika hatua hii. Kutoboa fuvu na kuutoa mfuko kunawezekana, ila ni kazi ya daktari. Tena aangalie lignokeini, dawa ya ganzi: mbuzi huyu asizidi miligramu 125, yaani kama mililita 6 za asilimia 2, la sivyo atapata degedege la dawa.

Wafugaji wengi huchagua kuchinja mnyama angali na nyama. Tatizo ni OTC aliyochomwa: siku za kusubiri kabla nyama haijaliwa zianze kuhesabiwa jana, na kwa OTC ya muda mrefu lebo nyingi husema wiki tatu au nne. Huenda akakonda kabla hazijaisha.

Akichinjwa, kichwa kichomwe au kifukiwe kwa kina, mbwa wasikile wakapata tegu. Mbwa wapewe prazikwanteli, dawa ya tegu, miligramu 5 kwa kilo, irudiwe kila wiki 6, maana tegu huanza kutoa mayai takriban muda huo. Wafungwe siku mbili baada ya dawa na kinyesi kifukiwe, kwa sababu dawa inaua tegu, haiui mayai. Anayekizoa anawe mikono vizuri, binadamu naye anaweza kuyameza.

Ugani_Kaskazini:
Shukrani, Daktari. Kwenye fomu niandike nini?

DaktariWaMbuzi:
"Kasoro ya ubongo mkubwa, kulia, siku 12, bila homa, inashukiwa senurosisi." Na wale sita rudi uwapime. Kwa kila mmoja andika joto, jicho lisiloona, hali ya uso, na ni siku ya ngapi.