Eka tatu za babu zikatwe viwanja? Suala kuhusu mji wa Unguja unavyoenea na kujaa

Mkaazi wa Fuoni:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naleta suala ambalo limeigawa familia yetu tokea Sikukuu ya Idd. Babu yetu alikuwa miongoni mwa waliopewa eka tatu baada ya Mapinduzi, upande wa Mwera, na mpaka leo pale pana minazi, mifenesi na mihogo anayoilima mama mdogo. Wajomba wanataka shamba likatwe viwanja viuzwe, kwa hoja kwamba mji umeshafika mlangoni na majirani wote wameshauza. Mimi nasita, na kinachonisitisha ni hapa ninapoishi.

Nilipojenga Fuoni, miaka kumi na tano iliyopita, baina ya nyumba yangu na barabara kulikuwa na mashamba mawili ya mihogo na njia ya gari. Leo njia ile imekuwa uchochoro ambao watu wawili hupishana kwa mabega. Mwaka jana alifariki jirani yetu, mama mtu mzima, na tulipolitoa jeneza lilishindwa kukata kona baina ya ukuta wa nyumba moja na karo (shimo la maji machafu) la nyengine. Ikabidi vijana wanne wapande ukutani, tukalinyanyua jeneza na kulipitisha juu, huku wafiwa wakiangalia chini kwa haya. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mwenye nyumba pale alikuwa amejenga mbele kupita mpaka wake, na mimi ni mmojawao: baraza yangu imekaa juu ya iliyokuwa njia.

Kwa hivyo nauliza. Je, linalotusonga ni wingi wa watu, kama tunavyoambiana kila siku kwenye daladala, au ni namna tunavyoitumia ardhi? Na ikiwa familia itaamua kuuza, tufanye nini ili Mwera isije ikawa Fuoni?

Maalim wa Jiografia:

Wa alaykum salaam. Naomba nianze na hesabu, maana mazungumzo ya namna hii kwetu huendeshwa zaidi kwa hasira. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta 893,169. Ndani ya miaka kumi mkoa umeongeza nusu nzima ya watu iliokuwa nao. Dar es Salaam, ambayo sisi hupenda kuitolea mfano wa mji uliofurika, katika miaka hiyo hiyo ilitoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, ongezeko lisilofika robo. Kwa ukubwa hatulingani nao hata kidogo, lakini kwa mwendo sisi ndio tunaokwenda mbio. Nao mkoa wetu una kilomita za mraba zipatazo 230 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya ardhi ya Zanzibar, na umebeba karibu nusu ya watu wote 1,889,773.

Hata hivyo, ukizigawa hesabu hizo kwa wilaya utakuta jambo ambalo wengi halikuwapitikia. Wilaya ya Mjini, yaani Mji Mkongwe na sehemu kubwa ya Ng'ambo, ilikuwa na watu 223,033 mwaka 2012, na mwaka 2022 ilikuwa na 219,007. Imepungua. Ongezeko lote limekwenda kwenye ile iliyokuwa Wilaya ya Magharibi, ambayo sasa imegawika A na B, na ambayo ilitoka watu 370,645 hadi 674,162. Katikati ya mji, basi, watu hawakuongezeka. Walioongezeka wamekwenda kukaa shamba, na shamba ndilo likageuka mji.

Mipango haikukosekana. Mji huu ulichorewa mpango mwaka 1923, ukachorewa mwengine mwaka 1958, Wajerumani wa Mashariki wakachora wao mwaka 1968, na Wachina mwaka 1982. Wachoraji walikuja na kuondoka, lakini nyumba haikuwahi kuingoja ramani. Eka tatu zilitolewa ili watu walime. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa, baadaye ukaja utalii, na shamba lililo karibu na mji likawa na thamani kubwa zaidi likiwa na msingi wa nyumba kuliko likiwa na mihogo. Mwenye shamba aliyekuwa na shida ya harusi au matibabu aliuza kipande, mwakani akauza chengine, na kila mnunuzi alipimiwa kwa hatua za miguu mbele ya mashahidi. Hapo hapakuwa na mtu wa kuuliza mtaro utapita wapi wala skuli itajengwa wapi.

Sebleni na Mwanakwerekwe ni mabonde ambayo maji ya masika yalikuwa yakituama kabla hata ya hizo nyumba. Watu walihamia humo wakati wa kiangazi, masika yalipowafuata ndipo ikabidi mitaro mikubwa ichimbwe kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, kupitia viambaza vya watu. Kuchimba mtaro kabla ya nyumba kungekuwa rahisi mara nyingi zaidi.

Bi Mkubwa wa Michenzani:

Nawasalimu nyote. Maalim amesema kweli, ila nyinyi mnaozungumzia viwanja nyote mnazungumzia nyumba za chini, na mimi nimezaliwa na kukulia katika majumba ya Michenzani. Mzee Karume alipoyajenga kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, watu walimcheka kwamba anawatia Waswahili kwenye makasha. Leo katika uwanja ambao kwenu Fuoni ungekaliwa na nyumba nne zilizobanana, sisi tunakaa familia chungu nzima, na bado chini pana nafasi ya watoto kucheza mpira na ya kuweka turubai la maziko.

Sitaki kuwapaka mafuta. Mimi nakaa ghorofa ya juu na lifti hatuna, na pampu ikiharibika maji hupandishwa kwa ndoo, ngazi kwa ngazi; mama yangu alipovunjika nyonga alikaa miezi minne bila kushuka. Ngazi ni ya wote, kwa hivyo taa yake ikiungua si ya mtu. Tuliwahi kuchangishana kununua pampu, wa ghorofa ya chini wakakataa kutoa kwa sababu wao maji huwafikia bila pampu, na ugomvi ule haujesha mpaka leo. Pamoja na hayo, kama kisiwa hakiongezeki na watu wanaongezeka, hakuna pa kwenda isipokuwa juu, na Kwahani wameshaanza kubomoa nyumba kongwe na kusimamisha maghorofa mapya. Lakini jambo la kuamua kabla ya kujenga ghorofa ni nani atakayeangalia ngazi, nalo halihitaji saruji.

Mtu wa Wete:

Nilikuwa nangojea ile kauli ya kila siku kwamba mji umejazwa na Wapemba na watu wa Bara, na nashukuru kwamba safari hii haijatokea. Hata hivyo naomba niseme kwa nini tunahama, kwa sababu hakuna anayeacha nyumba ya baba yake Wete kwa ajili ya chumba cha kupanga Magomeni ya Unguja bila ya kusukumwa.

Sisi tuliishi kwa karafuu. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, kwa ajili ya sigara zao. Ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, katika miaka ya 1980 bei ikaanguka, na mti ambao ulimsomesha mtu ukawa haulipi hata wachumaji. Waliokuwa na nguvu wakavuka bahari. Baada ya hapo kila kilichojengwa kikubwa kilijengwa Unguja: afisi, vyuo, mahoteli. Mtoto akimaliza skuli hapa, hatua yake ya pili ipo ng'ambo ya mkondo.

Nataka mkumbuke kwamba majumba ya ghorofa hayakuishia Michenzani. Yalijengwa Mtemani hapa Wete, Madungu Chake Chake, Mkoani, na kwenu Bambi na Makunduchi, maeneo ambayo wakati huo yalikuwa shamba kabisa. Kuna watu wanaoona zile zilikuwa ndoto. Mimi naona ni mpango pekee ulioanza na swali la kumweka mtu pale alipo. Na sisi huku hatujesha: Pemba ilikuwa na watu 406,848 mwaka 2012 na mwaka 2022 ikawa na 543,441. Nasi tunaanza kukata mashamba.

Mama wa Kianga:

Mimi nina moja tu, nalo ni maji. Tokea zama za Sayyid Barghash mji unakunywa maji ya chemchem za Bububu na Mtoni, na yote tunayoyavuta sasa kwa visima yanatoka chini ya miguu yetu, ndani ya jiwe la chokaa lenye matundu kama sponji. Mvua ikinyesha shambani huzama; ikinyesha juu ya bati na saruji hukimbilia barabarani. Halafu katika kiwanja kimoja kidogo mtu huchimba karo pembe hii na kisima pembe ile. Kwangu mimi jirani alichimba karo lake hatua tisa kutoka kisimani kwetu, na tulipomwambia akauliza alichimbe wapi, maana kiwanja kimekwisha. Hakuwa na ubaya, na jibu sikuwa nalo. Tunachota maji ya kufulia tu.

Mpimaji mstaafu:

Ndugu yetu wa Fuoni, nakujibu lile suala lako la pili, kwa sababu la kwanza limeshajibiwa vizuri kuliko ninavyoweza mimi.

Jueni kwanza mnachokiuza. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma na aliyepewa ana haki ya kuitumia. Eka tatu zilitolewa kwa kilimo, na kuigeuza ya makaazi kunataka ruhusa. Karatasi inayosainiwa mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, ni ushahidi kwamba pesa zimepokewa, hati haiwi. Nendeni Kamisheni ya Ardhi kabla ya kumpokea mnunuzi wa mwanzo, muulize eneo lenu limepangiwa matumizi gani. Ikiwa limepangiwa kilimo, mazungumzo yameishia hapo.

Ikiwa ruhusa ipo, anzeni na njia. Eka tatu ni kiasi cha mita za mraba 12,140. Ukikata viwanja vya mita 20 kwa 20 bila ya kuacha njia, unapata viwanja 30, na hii ndiyo hesabu iliyomo kichwani mwa wajomba zako. Chukulia shamba ni la mraba, upitishe njia mbili za mita nane kutoka mwanzo hadi mwisho wake: unabakiwa na 25. Fuoni vile vitano viliuzwa. Njia zichongwe na kuwekewa mawe ya mpaka siku ya mwanzo, wakati hapana mtu mwenye baraza ya kuitetea. Sehemu inayotuama maji msiiuze hata akija mtu na fedha taslimu. Muulizeni mama yenu mdogo ni wapi mihogo yake huoza masika, anapajua bila ya kipimo.

Mkaazi wa Fuoni:

Nashukuruni sana. Niliwasomea wajomba majibu haya jana baada ya Alasiri. Mjomba mkubwa alinyamaza mpaka ilipofika hesabu ya 30 na 25, ndipo akauliza ni nani atakayemlipa vile vitano. Tulibishana mpaka Magharibi. Mwishowe tumekubaliana twende Kamisheni kwanza, na kwamba shamba likikatwa njia moja itakuwa ya mita nane na ya pili ya mita sita, jambo ambalo mimi sikuridhika nalo ila nimelipokea. Mama mdogo ametuonesha bonde, na kumbe linachukua zaidi ya nusu eka. Amesema hapo atapanda mpunga.

Kuhusu baraza yangu, nimemwita fundi aje kuivunja. Jirani wa mbele yangu alitoka kuangalia, akaniuliza kama serikali imepita kutia alama ya kubomoa. Nikamwambia hapana. Akaangalia ukuta wake kwa muda, kisha akarudi ndani.