Mhusika kahamia dunia nyingine, anataka kuanzisha sinema. Aanzie wapi?

Kalamu_ya_Usiku: Wakuu, naandika riwaya ya mtandaoni. Mhusika anafia huku, anazinduka kwenye ufalme wenye wahunzi hodari na mafundi wa vioo, ila hakuna umeme wala viwanda. Uchawi pekee ni mawe yanayong'aa. Nikimpa kamera sura ya tatu wasomaji watanirarua. Aanze na kifaa gani?

Fundi_Projekta: Kamera iache kabisa. Filamu yake inadai kiwanda cha kemia. Mpe michoro. Mfaransa Émile Reynaud alionyesha katuni kwenye pazia huko Paris mwaka 1892, miaka mitatu kabla ya ndugu Lumière kuonyesha sinema zao za kamera, bila kupiga picha hata moja. Alichora kwa mkono kwenye vipande vya jelatini, akaviunga kuwa mkanda mrefu wenye matundu. Jelatini mhusika wako ataipata kwa kuchemsha ngozi na mifupa.

Piga hesabu kabla hujaandika. Lumière walipitisha picha kama 16 kwa sekunde, kwa hiyo dakika moja ni picha 960. Mchoraji wa picha 20 kwa siku atatumia siku 48 kwa dakika hiyo moja. Reynaud alikwepa mzigo huo: kwa picha kama 500 alipata onyesho la takriban dakika 15, maana aliuzungusha mkanda mbele na nyuma kwa mkono, kitendo kikirudiwa. Mfundishe mhusika wako ujanja huo.

Penye kazi ni mwendo. Mkanda ukipita mfululizo mbele ya taa, watu wataona ukungu mtupu. Lumière waliweka kucha za chuma zinazoingia tunduni, zinavuta, zinaacha picha itulie, zinavuta tena. Kwa mhunzi wa kawaida usahihi huo ni mgumu. Reynaud alitumia ngoma ya vioo inayozunguka, kila kioo kikiakisi picha yake. Kwa kuwa una mafundi wa vioo, chukua njia hii.

Kalamu_ya_Usiku: Mawe yangu yanang'aa bila joto. Yatafaa?

Fundi_Projekta: Yanafaa sana. Moto wa Bazar de la Charité, soko la hisani huko Paris, tarehe 4 Mei 1897, ulianzia kwenye taa ya etha (kimiminika kinachoshika moto haraka) ya projekta na kuua watu zaidi ya 120. Wewe hatari hiyo huna. Ila angalia ukubwa wa jiwe. Jiwe la ukubwa wa ngumi, hata liwake vipi, mwanga wake mwingi utapotea pembeni kwa sababu lenzi haiwezi kuukusanya. Liwe kama punje ya mahindi, likali, nyuma yake kioo kilichobonyea, mbele yake lenzi nene. Mawe madogo makali yawe adimu. Hapo umepata mgogoro wa sura kumi.

Mama_Simulizi: Mafundi mmemaliza vyuma, mmesahau watazamaji. Watu wasiowahi kuona sinema hawajui kwamba picha ikiruka kutoka nyumbani hadi sokoni, muda umepita. Weka msimulizi kando ya pazia. Japani walikuwa na benshi, wasimulizi wa sinema bubu, na umaarufu wao ulidumu hadi miaka ya 1930, sinema zilipoanza kuwa na sauti. Uganda kuna ma-VJ wanaosimulia sinema kwa lugha ya watazamaji, na mabanda umiza ya Tanzania, yaani vibanda vya kuonyeshea video, yamejaa sinema zilizotafsiriwa na ma-DJ. Msimulizi wa ufalme wako awe mtu wa pale pale, anayejua mizaha yao na miungu yao. Mgeni akisimulia mwenyewe, vichekesho vyake havitamchekesha mtu.

Halafu usimwage mitambo yote kwenye sura moja. Kila sura iwe na hitilafu yake: leo mkanda umechanika matunduni, kesho wanaimarisha kingo kwa kitambaa.

Fundi_Projekta: Naongezea suala la nakala. Mkanda wa kuchora ni mmoja tu, hauzalishwi, na unachakaa kwa kila onyesho. Mhusika hawezi kutajirika miji kumi kwa mpigo. Akitaka nakala, achonge mistari ya nje kwenye mbao, achape, wanafunzi wajaze rangi. Wino wa maji utailowesha jelatini, kwa hiyo atumie wa mafuta.