Naomba ushauri: grafu isipotee nikishuka chini kwenye Excel

Habari zenu wakuu. Naingiza mapokezi ya maziwa ya kikundi chetu, wafugaji 46, kila mmoja mstari wake kila siku. Jedwali limeshapita mstari wa 1,300. Juu kabisa nimeweka grafu ya jumla ya lita kwa siku, na inanisaidia sana: nikisahau nukta, 12.5 ikawa 125, mstari wa grafu unaruka juu palepale. Tatizo, nikishuka kuandika ya leo, siioni tena.

Nimegandisha mistari 15 ya juu (Freeze Panes) ili isisogee. Grafu inakaa kweli, ila laptopu yangu ni ndogo, nabakiwa na mistari michache mno ya kuandikia. Nikachagua pia grafu isisogee pamoja na seli. Kumbe hiyo inahusu kuongeza au kupanua mistari, kwenye kusogeza ukurasa haisaidii kitu.

Natumia Excel 2016. Je, nihamishie grafu kushoto na kugandisha safu wima, au kuna njia bora zaidi bila makro (programu ndogo inayoandikwa ndani ya Excel)? Na nikitumia makro ya kuifanya grafu ifuate seli niliyobofya, bado nitaweza kutendua (Undo) nikikosea? Hilo la kutendua ndilo linalonipa hofu, maana lita hizi ndizo malipo ya watu.

Natanguliza shukrani.