MREJESHO: Madai ya fedha za dharura, bomba lililong'olewa na mafuriko

Niliwauliza hapa kama tusubiri idhini ya fedha za dharura za serikali ndipo tukarabati bomba la maji la kipenyo cha milimita 200 lililong'olewa na mafuriko pale linapovuka mto. Mlinijibu: toa taarifa kwa maandishi kwanza, rudisha maji kwa muda, kisha dai. Mlikuwa sahihi.

Madai yamepita, ila si yote. Mita 36 za bomba, flanji (vishikio vya kuunganishia mabomba) na vali mbili vimelipwa. Pampu, ambayo nayo tuliidai, wameikataa: daftari la matengenezo lilionyesha beringi zake (sehemu zinazoshika mhimili unaozunguka) zilikuwa zinalia tangu kabla ya mvua, kwa hiyo huo ni uchakavu, si maafa. Nyongeza ya kupanua bomba hadi milimita 250 nayo imekatwa. Wanalipia kurudisha kilichokuwepo.

Kilichotuokoa ni picha: futikamba imelazwa juu ya mpasuko, tarehe inasomeka, mtaro haujafukiwa. Kilichotuponza ni ekskaveta (mashine ya kuchimba). Kwenye madai tuliandika tu kwamba ilifanya kazi "siku tatu", kumbe mkaguzi anataka saa kwa saa, kazi ipi, dereva nani. Tunaandika upya kwa kufuata risiti za dizeli (kazi ya kuchosha kweli).

Majibu ya maabara ya kupima maji baada ya kutia klorini nayo waliyadai. Yawekeni kwenye madai mapema.