Salim anatafuta ditekta ya kwanza

Salim (Leicester, Uingereza): Shikamooni wakubwa. Nataka kununua ditekta, ile mashine ya kutafutia vitu vya metali ardhini. Nimetenga pauni 250. Nikisoma nazidi kuchanganyikiwa, mwenye uzoefu anisaidie.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Marahaba baba. Unatafuta nini huko?

Salim: Sarafu za kale shangazi, vifungo, bizimu, chochote walichodondosha watu mashambani. Napenda historia tu, si biashara.

Mjomba Hamadi (Chunya): Chukua ya dhahabu moja kwa moja. Huku wenzetu wanayo Gold Monster, inashika mpaka punje. Ukija likizo unakuja nayo.

Dada Rukia (Norwich): Mjomba, kwa heshima, hiyo itamchosha. Inafanya kazi kwa masafa ya 45 kHz, yaani mawimbi yanayopiga haraka sana, ili ishike punje ndogo sana. Mashamba ya huku yana takataka za miaka mingi, italia kwa kila kipande cha foili.

Mjomba Hamadi: Hapo kweli. Na hizo za sarafu ukizileta kwenye udongo wetu mwekundu wenye chuma, kama huwezi kuirekebisha mashine ifuate udongo, ni kelele tupu. Basi anunue ya huko kwa ajili ya huko.

Salim: Nimebakiza tatu: Garrett ACE 300i, Minelab Vanquish 440 na Nokta Simplex Ultra.

Dada Rukia: ACE ni rahisi kujifunza, 8 kHz, ila mpangilio wa udongo umefungwa kiwandani. Vanquish inatuma masafa kadhaa kwa mpigo, ndiyo maana inatulia kwenye mchanga wa pwani wenye chumvi. Lakini kisichoingia maji ni koili tu, lile duara la chini linalopita juu ya ardhi, boksi la juu ukilifikisha kwenye maji umeliua. Simplex ina masafa mamoja, 15 kHz, unairekebisha kwa udongo mwenyewe, na yote inazama mpaka mita 5. Wewe uko mbali na bahari, utakuwa mashambani na mvua za huku unazijua. Mimi ningechukua Simplex. Hata iliyotumika, mradi uiwashe mwenyewe kabla ya kulipa. Na usimalize hela zote: bakisha za pinpointa, ile fimbo fupi ya kuchomeka shimoni ujue kitu kiko upande gani. Bila hiyo utachimba shimo kubwa na kukikata kitu kwa sepetu.

Shangazi Mwanaidi: Na shamba ni la nani?

Dada Rukia: Hapo ndipo penyewe shangazi. Bila ruhusa ya mwenye shamba haingii. Na maeneo ya kale yaliyoorodheshwa na serikali, mashine haipiti hata mwenye ardhi akikubali. Akipata kitu chenye dhahabu au fedha asilimia 10 au zaidi, cha miaka 300 na kuendelea, sheria ya hazina ya huku ya 1996 inamtaka atoe taarifa ndani ya siku 14. Sarafu moja peke yake kwa kawaida haihesabiwi kuwa hazina, lakini mpelekee ofisa wa mambo ya kale wa kaunti aiandike. Makumbusho yakikichukua kitu, zawadi hugawanywa kati ya aliyekiona na mwenye shamba.

Salim: Nikikuta nyingi pamoja?

Dada Rukia: Acha kuchimba. Mwaka 1992 kule Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikuwa anatafuta nyundo ya rafiki yake, akakuta hazina ya Warumi, sarafu karibu 15,000. Alisimama akaita wataalamu, wakaona kila kitu kilivyopangwa ndani ya sanduku. Angeichimba yote mwenyewe, hayo tusingeyajua.

Mjomba Hamadi: Na Kilwa je? Masultani wale walikuwa na sarafu zao za shaba.

Dada Rukia: Kilwa hapana mjomba. Mambo ya kale ya Tanzania yanalindwa na sheria ya 1964, kuchimba ni kwa kibali.

Salim: Nimeelewa. Kuna mkulima namfahamu, nitamwomba kesho kabla sijanunua chochote.

Dada Rukia: Mwombe kwa maandishi, na mkubaliane kabisa mtagawana vipi kitakachopatikana.